Akiba ya Hiari ya Mtumishi Ipewe Kanuni Zilizo Wazi

Tangu ilipotungwa Sheria ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, Namba 2 ya mwaka 2018, mazungumzo ya pensheni maofisini na mashuleni yamezunguka neno moja tu: kikokotoo. Mazungumzo hayo yalikuwa ya haki, na Serikali iliyasikia. Mkupuo uliowekwa kuwa asilimia 33 mwaka 2022 ulipandishwa mwaka 2024 hadi asilimia 40 kwa waliokuwa katika mifuko iliyolipa nusu, na asilimia 35 kwa waliokuwa katika mifuko iliyolipa robo. Lakini swali jingine limeachwa pembeni: mtumishi anayetaka kuongeza akiba ya uzeeni kwa fedha yake mwenyewe, afuate kanuni zipi?

Na tufanye hesabu. Mwalimu aliyetumikia miaka 30, yaani miezi 360, na wastani wa mshahara wake ukawa shilingi milioni moja kwa mwezi, pensheni yake kamili kwa kanuni ya 1/580 ni kama shilingi 620,000 kwa mwezi. Akichukua mkupuo wa asilimia 40, atapokea mara moja kiasi cha shilingi milioni 37, na kila mwezi zitabaki kama 372,000. Mwalimu huyo huyo alipokuwa kazini, baada ya kodi na mchango wa asilimia 5, alikuwa akibakiwa na zaidi ya shilingi 830,000 kabla ya makato mengine. Kipato chake kimeshuka chini ya nusu, na watoto wa mwisho pengine bado wako shuleni.

Wapagazi wa Kinyamwezi waliotoka Unyanyembe kwenda pwani, mwendo wa kilometa 800 hivi, walipokea vitu viwili: ujira, na posho ya chakula cha njiani. (Neno hilo posho watumishi wa leo tunalipenda mno.) Posho ililiwa njiani, ujira ndio uliorudi nyumbani. Sisi tumevichanganya vyote viwili, kisha tunashangaa kufika nyumbani mikono mitupu.

Hamu ya kujiwekea akiba ipo. Kabla ya 2018, PSPF ilikuwa na mpango wake wa uchangiaji wa hiari, na GEPF vilevile. UTT imekuwa ikiuza vipande tangu 2005, na Watumishi Housing nayo ikaanzisha Mfuko wa Faida mwaka 2022. Hiyo ni mifuko mizuri, ila ni ya uwekezaji. Mfuko unaofunguka wakati wowote hufunguka pia siku ya harusi. Akiba ya uzeeni inahitaji kufuli, na mwenye mali ana haki ya kujua ufunguo uko kwa nani.

Jambo la kwanza ni kodi. Mchango wa lazima huondolewa katika mshahara kabla ya kodi kukokotolewa. Lakini fedha ambayo mwalimu anaitoa mwenyewe katika mshahara aliokwisha kuupokea, imekwisha kutozwa. Kwa mshahara wa milioni moja, kila shilingi 100 za mwisho zimekwisha kukatwa 25. Basi kanuni itamke bila mafumbo kwamba mtaji huo hautaguswa tena na kodi siku ya kuuchukua. Jirani zetu wa Kenya wametangulia hatua moja: tangu Desemba 2024 mchango wa pensheni hadi shilingi zao 30,000 kwa mwezi hautozwi kodi, nao ule wa hiari ukiwamo. Hazina yetu ina haki ya kupima kama inaweza kuiga. Haina haki ya kunyamaza.

La pili ni makato. Utaratibu wa utumishi unataka mtumishi abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Mtu wa mikopo hulijua hilo kuliko mwalimu mwenyewe, naye huwahi kuijaza nafasi yote iliyobaki. Mwalimu wa Sikonge anapoamua kujikata shilingi 20,000 za uzeeni, anakuta nafasi imekwisha. Kwa nini akiba isitengewe sehemu yake katika orodha ya mishahara, mkopeshaji asiifikie?

Wapo ndugu watakaosema kwamba habari hizi ni za wakubwa, kwamba mshahara wa mwalimu hautoshi hata sukari. Hoja hiyo ni nzito, wala akiba ya hiari haiwezi kuwa badala ya mshahara bora. Isiwe kamwe kisingizio cha mwajiri kuchelewesha asilimia zake 15. Hata hivyo, wengi wa wasioweza kuweka 20,000 wanarejesha mara tano ya hizo kwa wakopeshaji wa “kausha damu”.

Kanuni hizo ziandikwe mahali pamoja: daftari la mchango wa hiari liwe mbali na la mchango wa lazima, masharti ya kuchukua fedha kabla ya miaka 60 yafahamike, na haki ya warithi itajwe. CWT, TALGWU na TUGHE hupeleka madai yao Mei Mosi, wakati Bunge limo katika kikao cha bajeti. Dai hili liwekwe katika risala, karibu na lile la mishahara.