Anayepimwa ni Mke Tu

Ukifika kliniki huku kwetu huna mimba wala mtoto mgongoni, unaulizwa umemsindikiza nani. Ukuta umejaa mabango ya uzazi wa mpango: sindano, vipandikizi, kitanzi, vidonge. Ni mambo mema, hatuyapingi. Ila anayetafuta mtoto mwaka wa nne sasa hana bango, hana siku yake ya kliniki, hana hata daftari la kuandikiwa jina.

Akibahatika kusikilizwa, anapimwa mkojo, anaambiwa ana UTI, anapewa dozi. Mwezi unaofuata, UTI tena. Wa tatu anaambiwa homoni zimevurugika, ingawa damu yake haijatolewa popote kupimwa hizo homoni. Hapo ndipo wauza dawa za kusafisha kizazi wanapomdaka. Mwisho anaandikiwa rufaa: huenda mirija imeziba, nenda mjini ukapige picha.

Picha hiyo ina siku zake. Dawa husukumwa ndani ya mji wa mimba, kisha eksirei inaonyesha kama imepita kwenye mirija. Hufanywa hedhi ikishakatika na kabla yai halijapevuka, kwa wengi kati ya siku ya sita na ya kumi tangu hedhi ianze. Kwenye karatasi ya rufaa hilo haliandikwi. Mwenzetu mmoja aliuza mbuzi, akapanda basi alfajiri, akalala kwa ndugu. Asubuhi dirishani akaulizwa: “Dada, siku zako zilianza lini?” Akasema wiki mbili zilizopita. “Umechelewa, njoo mwezi ujao.” Mbuzi ameishia kwenye nauli. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, nasi wa njia ya Mwanza tunashukuru, foleni ya kivuko imekwisha. Sasa tunafika mapema kuambiwa tumechelewa.

Na mume je? Mume yuko nyumbani, mama yake anamnong’oneza aoe mwingine. Wataalamu wanasema katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, mwanamume naye anahusika, peke yake au pamoja na mkewe. Kipimo chake hakina kisu wala sindano: akae siku mbili hadi saba bila tendo, atoe mbegu kwenye kikopo safi, zitazamwe kwa darubini ndani ya saa moja. Zinahesabiwa, inaangaliwa kama zinakwenda, na umbo lake. Anatakiwa mtu aliyefundishwa, sawa. Lakini darubini tunazo, ndizo hizo zinazosoma malaria na kifua kikuu kila siku. Na kwa kuwa mbegu haziwezi kupanda basi kwenda mjini, kipimo hiki ndicho kilichopaswa kuwa jirani kuliko vyote.

Waliothubutu hawakusitiriwa. Mmoja alikabidhiwa kikopo mbele ya benchi zima la wagonjwa, akaonyeshwa choo cha nje ambacho mlango wake hauna komeo. Akaingia. Mtoto akagonga, bibi mmoja akauliza kuna nani humo. Kikopo kikarudi kitupu na mwenyewe hajaonekana tena. Mtamlaumu?

Mkoa huu wa Kagera jambo hili unalijua tangu zamani. Enzi za Waingereza serikali ilihangaika kuona watoto ni wachache Buhaya, na magonjwa ya zinaa, kaswende na kisonono, yakawa mbele katika sababu zilizotajwa. Kisonono na klamidia zisipotibiwa mapema huacha makovu, kwa mwanamke kwenye mirija, kwa mwanamume kwenye njia ya mbegu. Sasa mama mkwe anapoleta bibi harusi wa pili kabla mwanawe hajapimwa, anatibu nini hasa?

Wala hatuko wachache. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba takriban mtu mmoja kati ya sita hupitia tatizo hili maishani. Na huduma ziliwahi kutufikia: wakati wa kambi ya wakimbizi wa Burundi hapa kwetu Lukole, iliyofungwa 2008, hata wenyeji walikuwa wakitibiwa kambini. Kwa hiyo msituambie kwamba huku ni mbali mno.

Tunachodai ni kidogo: rufaa iandikwe siku ya kwenda, mume apimwe kwanza maana kipimo chake ndicho chepesi, na choo kiwe na komeo. Majibu wapewe wawili pamoja. Mama mkwe akitaka kujua, amwulize mwanawe.