Ukihama London, Usiache Jina Lako Kwenye Mita

Mwisho wa mwezi ukifika, pitia Barking, East Ham au Tottenham, mitaa wanayoishi ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki. Hukosi kuona gari la kukodi nje ya nyumba, magodoro yamefungwa kamba, watu wanahama. Sufuria hazisahauliki, wala gunia la mchele. Kinachosahauliwa ni bili.

Wengi wetu tumekuja na mazoea ya nyumbani. Tanzania tumezoea deni kukaa na mita. Tangu Agosti 2021 hata kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, na mpangaji ndiye anayekutana nayo akinunua umeme, ingawa nyumba si yake. Kwa hiyo mtu akihama anajiona kaliacha deni ukutani.

Hapa Uingereza deni la umeme, gesi, maji au kodi ya kaunsili linamfuata mwenye jina. Wapo wanaodharau bili ya maji kwa sababu tangu 1999 kampuni haziruhusiwi kuikatia maji nyumba ya kuishi kwa sababu ya deni. Ni kweli maji hayakatwi, lakini deni linaendelea kuhesabiwa. Na kodi ya kaunsili ndiyo msiichezee kabisa: Uingereza hakimu anaweza kumfunga hadi siku 90 mtu anayekataa kulipa kwa makusudi.

Tuje kwenye nyumba zetu za kuchangia, maana hapa ndipo penye uchungu. Watu sita, vyumba vitatu, bili zote kwa jina la mmoja. Mara nyingi ni yule mwenye makaratasi mazuri, au yule mpole asiyejua kukataa. Kila mwezi anagonga milango kuomba michango na kujibiwa, "Kaka, Ijumaa." Siku ya kuhama kila mtu anashika njia yake: huyu Reading, yule Leicester, mwingine anapanda ndege kurudi Dar moja kwa moja. Kampuni haiwajui hao watano. Inamjua mmoja.

Naye, kwa kuwa hakuacha anwani mpya, barua zinakwenda nyumba ya zamani na mpangaji mpya anazitupa. Baadaye zinakuja karatasi za mahakama, nazo sheria inaruhusu zipelekwe anwani ya mwisho inayojulikana. Hukumu inatoka mwenyewe hana habari. Isipolipwa ndani ya mwezi mmoja, inakaa kwenye rekodi yake ya mikopo miaka 6. Atagundua siku akinyimwa simu ya mkataba au nyumba ya kupanga. Anaweza kuiomba mahakama iifute, lakini ada ya maombi hayo ni zaidi ya pauni 200, na huenda deni lenyewe halikufika huko.

Upande wa pili wapo wanaolipa madeni yasiyo yao kwa woga tu. Inakuja barua isiyo na jina, imeandikiwa mkazi wa nyumba, mtu anatetemeka na kutoa kadi ya benki. Jamani, mkataba wako wa kupanga unaonyesha tarehe uliyoingia. Ya kabla ya hapo hayakuhusu. Ukikuta mita ya kulipia kabla, usitumie kadi au ufunguo wa mita uliouokota kwenye droo ya jikoni. Huenda mita imebebeshwa deni la aliyeondoka, na kila ukiweka pauni 10 sehemu inamezwa. Ipigie simu kampuni kwanza, ijue umeingia lini na ilifute deni hilo.

Piga picha ya mita siku ya kuingia na siku ya kutoka, uwape namba na anwani mpya. Bili ya mwisho ya umeme na gesi inatakiwa itoke ndani ya wiki 6, na pengine wewe ndiye unayedai. Wengine mmeacha fedha zenu huko. Kampuni ikichelewa kukupa bili kwa kosa lake, haiwezi kukudai matumizi ya zaidi ya miezi 12 nyuma. Na kama hali ni ngumu, usijifiche. Citizens Advice wanashauri bure, na tangu Mei 2021 kuna mpango unaoweza kukupa siku 60 za kupumua wadai wasikusumbue.

Kwa wale wa nyumba za kuchangia, pendekezo letu ni hili: kabla ufunguo haujarudi kwa mwenye nyumba, kaeni sebuleni na bili zote mezani. Anayetangulia kuondoka, hasa anayerudi nyumbani, aache mchango wa wiki 6 mkononi mwa mwenye jina. Zikibaki, atatumiwa. Akisema hana, basi ajue kaka yule mpole ndiye atakayelipa, na wote mliokula naye chungu kimoja mnamjua.