Pimeni Paipu Kabla ya Kulaumu Geji

Marekani, mtu akijiundia ndege gerejini kwake, kwa miaka mingi ametakiwa airushe kwa majaribio saa 25 hadi 40 kabla ya kupakia abiria. Wapo wanaozimaliza saa hizo kwa kuzunguka tu karibu na uwanja mpaka zitimie. Kwa maoni yetu, ndege ambayo geji yake ya mwendo haijathibitishwa haijajaribiwa, hata ikiwa imeruka saa 100.

Geji hiyo haijui mwendo, inajua presha tu. Bomba la pito, linaloitwa kwa jina la Mfaransa Henri Pitot aliyepima mkondo wa mto Seine mwaka 1732, hukinga upepo wa mbele. Tundu dogo la ubavuni huchukua presha ya hewa tulivu. Geji husoma tofauti ya hizo mbili, na tofauti yenyewe ni ndogo mno. Kwenye kilomita 200 kwa saa inatosha kuinua maji sentimita 19 hivi. Kwenye kilomita 100 haifiki hata sentimita 5. Ndege nyingi za aina hii hutua kwa mwendo usio mbali na huo, kwa hiyo kiungo kimoja kilicholegea kinatosha kumpotosha rubani pale anapoihitaji geji kuliko wakati wowote.

Kipimo chake ni rahisi hadi kinatia aibu: mpira mwangavu uliokunjwa kama herufi U, maji yenye rangi, na rula. Uunganishe na bomba la pito, pandisha presha polepole (anayepuliza kwa mdomo kwa pupa huiua geji), linganisha sindano na kimo cha maji, kisha bana mpira usubiri. Sindano ikishuka, panavuja. Ikitulia lakini haikubaliani na maji, hapo ndipo geji ina kesi ya kujibu.

Mara nyingi mkorofi ni tundu la ubavuni. Wajenzi wa ndege za RV za Van's Aircraft wanalijua hili: tundu lililo katika kichwa cha ribiti kilichochomoza kidogo husoma vizuri, lakini wapo waliolibadilisha kwa tundu bapa linalopendeza machoni, na namba zikaharibika. Wengine huuacha mrija wake wazi ndani ya chumba cha rubani, ambako kwa kawaida presha hushuka ndege ikiwa hewani, na geji ikazidisha mwendo. Fungua na ufunge tundu la hewa la dirishani. Sindano ikicheza, umempata mwizi.

Halafu kuna GPS, ambayo imewafanya wengi wakang'oa geji nzima isiyo na kosa. GPS hupima mwendo juu ya ardhi, upepo ukiwemo. Ruka pande zote nne za dira kwa kimo kilekile na sindano palepale, ndipo utafute wastani. Ukumbuke pia kwamba kwenye mita 2,400 mwendo halisi huzidi ule wa geji kwa takriban asilimia 13, hata geji ikiwa nzima kabisa.

Tunapinga pia desturi ya kubandika karatasi yenye maneno "punguza kumi" na kuendelea na safari. Kosa la presha halibaki lilelile kwenye kila mwendo. Geji inayozidisha mwendo ndiyo hatari zaidi karibu na ardhi, maana rubani hudhani ana akiba huku mabawa yakikaribia kuacha kumbeba.

Februari 6, 1996, Boeing 757 ya Birgenair ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, ikaua watu wote 189. Bomba moja la pito lilikuwa limeziba, na wachunguzi walishuku nyigu. Nyigu hachagui baina ya ndege ya abiria na ile ya gerejini. Kifuniko cha bomba chenye utepe mwekundu ni bei ya chakula cha mchana; kivishwe kila ndege inapolala, kivuliwe kabla ya injini kuwashwa.