Kasa na Neno "Isipokuwa"

Kazi ya kufasiri imenifunza kwamba katika mkataba wowote neno kubwa si lile linalohofisha. Neno dogo ndilo litawalalo. Leo nataka kulishitaki neno moja mbele ya wasomaji: isipokuwa.

Mkataba Mkuu wa Ushuru na Biashara wa mwaka 1947, ambao sasa umo ndani ya sheria za Shirika la Biashara Duniani, huanza na kanuni: bidhaa zisibaguliwe kwa nchi zitokako. Uhai twaukuta mbali, katika kifungu cha 20, miongoni mwa mambo yanayosamehewa. Nchi yaweza kulinda maisha ya watu, wanyama na mimea, au kuhifadhi maliasili ziwezazo kumalizika, mradi hatua hiyo isiwe ubaguzi usio na haki wala kizuizi cha biashara kilichofichwa. Biashara ndiyo kanuni. Uhai ni isipokuwa. Auzaye hana la kueleza. Ahifadhiye ndiye abebaye mzigo wa ushahidi.

Watetezi wa utaratibu huu hutwambia: "Mwataka nini zaidi? Mlango upo." Naam, upo. Basi na tumtazame kasa aliyepitishwa humo. Marekani ilizuia kamba waliovuliwa kwa nyavu za kukokota zisizo na kifaa cha kumtoa kasa. India, Malaysia, Pakistan na Thailand zikashitaki. Mwaka 1998 Baraza la Rufaa lilikubali kwamba kasa ni maliasili iwezayo kumalizika, lakini Marekani ikashindwa: nchi za eneo la Karibiani ilizipa miaka mitatu ya kujitayarisha, na wale wa Asia miezi minne tu. Iliporekebisha mwendo wake, Malaysia ikashitaki tena, na mwaka 2001 haikufua dafu.

Nisiseme uongo: hukumu ile ya 1998 ilikuwa na haki ndani yake. Wenzetu wanaohofia kwamba uhifadhi wa mataifa makubwa ni ushuru uliovaa kilemba wana sababu ya kuhofu. Lakini tuone kilichohukumiwa. Kosa lilikuwa ni kuwabagua wauzaji. Kufa kwa kasa wavuni hakukuwa kosa la mtu yeyote. Kasa aliingia barazani kama udhuru wa mshitakiwa. Hakuingia kama mdai, wala sheria ile haimjui mdai wa namna hiyo.

La kusikitisha zaidi ni kwamba lugha ya soko imehamia hata katika nyumba ya mazingira. Mkataba wa Mabadiliko ya Tabianchi wa mwaka 1992, katika kifungu chake cha 3, waonya kwamba hatua za kupambana na mabadiliko hayo zisiwe ubaguzi usio na haki wala kizuizi cha biashara kilichofichwa. Ni maneno yale yale! Mkataba wa biashara haukuazima kauli ya namna hiyo kutoka upande wa pili. Tena mikataba ya mazingira aghalabu husihi na kuonya, ilhali ule wa biashara humruhusu aliyeshinda kumnyima aliyeshindwa manufaa ya soko. Kuwaachia mahakimu wa biashara waamue mipaka ya uhifadhi ni kumpelekea nyani kesi ya ngedere.

Wasemao kwamba haiwezekani vinginevyo wamekwisha kujibiwa na Shirika lenyewe. Mazungumzo ya ruzuku za uvuvi yalianzishwa Doha mwaka 2001; mapatano yakafikiwa Geneva mwezi Juni 2022, na kuanza kutumika Septemba 2025. Yanakataza ruzuku kwa uvuvi haramu na kwa uvuvi wa samaki waliokwisha kuvuliwa kupita kiasi. Ruzuku zinazozidisha nguvu za meli za uvuvi bado hazijaafikiwa, na miaka ishirini na moja ni mingi kwa samaki. Hata hivyo, hapa samaki amewekwa ndani ya kanuni, hakuachwa mlangoni pa udhuru.

Tanzania ni mwanachama wa Shirika hilo tangu 1995, na kasa wangali wanapanda kutaga katika mchanga wa Misali. Wanaotusemea Geneva wana jambo moja la kudai: sentensi ipinduliwe. Uhai uwe kanuni. Biashara iwe huru, isipokuwa pale inapouangamiza.