Kuformata si dawa: mafundi wa Kolwezi, tuonyesheni ugonjwa kwanza

KOLWEZI, Lualaba – Leo hatuongei juu ya bei ya shaba wala juu ya barabara. Tunaongea juu ya mashine, ile kompyuta ya kubeba iliyo juu ya meza ya mwanafunzi, ya katibu wa kamati ya kartiye, ya mchungaji, ya mama mwenye duka. Mashine inaanza kuganda. Inazimika yenyewe. Unaipeleka kwa fundi. Anaiangalia dakika mbili, kisha anatoa hukumu: "Windows imeharibika, tuiformate." Unalipa. Wiki mbili inatembea vizuri. Wiki ya tatu ugonjwa ni ule ule. Unarudi, na hukumu ni ile ile: "Tuiformate tena."

Ninasema wazi: huo si ufundi. Mganga anayempa kila mgonjwa dawa ya malaria bila kupima damu, siku moja atamzika mwenye typhoid. Fundi anayefuta kila mashine bila kupima diski, memori, batri na feni anafanya kazi ya namna hiyo hiyo, na kinachozikwa ni karatasi zetu.

Kwa nini hapa kwetu jambo hili ni zito

Katika mji mwingine, mtu akipoteza picha za harusi analia siku mbili, basi. Hapa Kolwezi kuna familia ambazo ushahidi wao wote uko ndani ya mashine moja. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba za Kasulo. Mwaka 2017 sehemu ya kartiye hiyo ilizungushiwa ukuta na wakaaji wakahama. Katika mwezi wa tisa 2023, Amnesty International pamoja na shirika la hapa kwetu IBGDH walitoa ripoti juu ya watu waliohamishwa kwa sababu ya machimbo, na Cité Gécamines ilikuwa ndani yake. Kanuni ya madini iliyorekebishwa 2018 inatambua haki ya kulipwa fidia kwa wale wanaoondolewa mahali pao.

Lakini haki bila ushahidi inabaki maneno. Ushahidi ni nini? Ni picha ya nyumba kabla haijavunjwa. Ni picha ya kisima, ya miti ya maembe, ya ukuta uliopasuka. Ni barua iliyopigwa muhuri, orodha ya watu wa kamati, hesabu ya mali iliyoandikwa mbele ya mashahidi. Wengi walipiga picha kwa telefone, wakazihamisha kwenye mashine ya mtoto anayesoma chuo, kisha telefone ikaibiwa au ikauzwa. Nakala imebaki moja tu. Siku fundi anaposema "tuiformate" na mtoto akajibu "sawa", nyumba ile inavunjwa mara ya pili.

Ndiyo maana sikubali mtu aniambie kwamba haya ni mambo madogo ya vijana wa kompyuta.

Kwa nini kuformata kunaonekana kama kuponya

Fundi atakuambia: "Lakini baada ya kuformata mashine ilipona, sivyo?" Ndiyo, ilipona kwa muda. Tuelewe sababu yake.

Diski ya zamani, ile inayozunguka ndani, inapoanza kufa haifi yote kwa siku moja. Inaanza kuwa na vidonda hapa na pale. Kama faili moja ya Windows imekaa juu ya kidonda, mashine inaganda. Ukiformata na kuweka Windows upya, faili ile inaweza kuandikwa mahali pengine penye afya, na kila kitu kinaonekana kizuri. Lakini vidonda vinaendelea kuongezeka. Wiki mbili, mwezi mmoja, vinaifikia tena. Tena kuandika Windows nzima juu ya diski iliyochoka ni kazi nzito, na kazi hiyo yenyewe inaweza kuimaliza kabisa.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni rahisi kukumbuka: ugonjwa unaorudi baada ya kuformata vizuri mara moja, washuku chuma kwanza, kisha programu. Kuformata mara ya tatu ni kuuza maji kwa bei ya dawa.

Sisemi kwamba programu haiharibiki. Virusi vipo, na flashi zinazopita kutoka duka la fotokopi moja hadi jingine zinavisambaza kila siku. Diski iliyojaa hadi juu inafanya mashine kuwa nzito. Windows ya wizi inaleta shida zake. Kuna siku kuformata ni dawa ya kweli. Ninachokataa ni kuformata bila kupima.

Vipimo ambavyo hata wewe unaweza kufanya

Kipimo cha kwanza hakihitaji intaneti wala franga hata moja. Washa mashine, ingia katika ukurasa wa mipangilio unaokuja kabla ya Windows, ule unaoitwa BIOS. Iache hapo nusu saa. Hapo Windows haijaamka, haina neno. Kama mashine inazimika hata ikiwa hapo, basi usimruhusu mtu yeyote aisingizie Windows. Tafuta katika joto, batri, chaja au kadi mama, ile wengi wetu tunaita karte-meri.

Kipimo cha pili: mwombe kijana anayejua akutengenezee flashi yenye Linux, kwa mfano Ubuntu, na muwashe mashine kwa flashi hiyo bila kugusa diski. Mashine ikitembea vizuri masaa mawili kwa flashi, lakini kwa kawaida inaganda, washuku diski au Windows. Ikiganda hata kwa flashi, ugonjwa uko ndani ya chuma, na kuformata hakutasaidia kitu.

Kipimo cha tatu: diski ina daftari lake la siri linaloitwa SMART. Humo inaandika yenyewe ni vidonda vingapi imevipata. Programu ya bure kama CrystalDiskInfo inalisoma kwa sekunde chache na kuonyesha rangi: buluu ni nzuri, njano ni onyo, nyekundu ni hatari. Ukiona njano au nyekundu, usijaribu kutengeneza chochote. Kopi kwanza, siku hiyo hiyo. Na ukiona buluu, usilale kabisa, maana diski nyingine inakufa bila kuandika. Ukisikia inagonga tik, tik, tik, izime na usiiwashe ovyo.

Kipimo cha nne ni cha memori. Windows yenyewe ina kipimo chake: andika mdsched katika sehemu ya kutafuta, mashine itazimika, itawaka, na itapima. Memori mbovu ina dalili yake: mashine inaleta ukurasa wa buluu wa makosa, leo kwa jina hili, kesho kwa jina lingine, bila mpango. Mara nyingine memori imelegea tu, au vumbi limeingia kwenye meno yake. Kuitoa, kuisafisha na kuirudisha ni kazi ya dakika kumi kwa fundi anayejua.

Kipimo cha tano ni cha batri. Amri ya powercfg /batteryreport inatoa ripoti yenye hesabu mbili: uwezo batri iliotoka nao kiwandani, na uwezo uliobaki leo. Kama ya pili ni chini ya nusu ya ile ya kwanza, usishangae mashine kuzimika umeme unapokatika. Na kama kibao cha kugusia kimeanza kuinuka, au mfuniko wa chini umevimba, acha kuchaji mara moja. Batri iliyovimba inaweza kuwaka moto. Usiitoboe, usiilalie.

Tena mashine nyingi za HP na Dell zilikuja na kipimo chao ndani. Kwa HP, bonyeza F2 mfululizo wakati wa kuwasha. Kwa Dell, bonyeza F12 kisha uchague sehemu ya kupima. Matokeo yanatoka kwenye skrini, na unaweza kuyapiga picha kwa telefone. Fundi asiyetaka kubonyeza kitufe kimoja anatafuta nini ndani ya mashine yako?

Maadui wetu wawili: vumbi na umeme

Kuna mambo ambayo vitabu vya kigeni havisemi kwa sababu havikuandikiwa Lualaba. Kutoka mwezi wa tano hadi mwezi wa tisa mvua ni haba sana, na makamio ya machimbo yanapita mchana na usiku. Vumbi lile jekundu linaingia nyumbani, linaingia pia ndani ya feni ya mashine. Feni ikiziba, mashine inapata homa, na ili isijiunguze inazimika yenyewe. Dalili yake ni wazi: inatembea dakika 20 au 30, inapata moto chini, inazimika, ukiiacha ipoe inawaka tena. Mashine hiyo inahitaji brashi na pasta mpya ya kupoza. Windows mpya haitatoa vumbi.

Adui wa pili ni umeme. Tuna mabwawa ya Nzilo na Nseke juu ya mto Lualaba, karibu na sisi, yaliyojengwa miaka ya 1950, lakini delestaji ni wimbo wa kila siku katika kartiye nyingi. Umeme unapungua, unapanda, unakatika, unarudi kwa nguvu. Chaja inaumia kwanza, kisha batri, kisha kadi mama. Kabla ya kulaumu mashine, itumie kwa batri peke yake saa moja. Kama kishale kilichokuwa kinaruka ovyo kimetulia, au mashine imeacha kujizima, mkosaji ni chaja au umeme wa nyumba. Nunua stabilizateri kabla ya kununua Windows.

Na tukumbuke jambo moja linalouma. Batri nyingi za mashine hizi zina kobalti ndani, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka katika nchi yetu, hasa katika ardhi hii ya Lualaba. Makrezeri wanaingia shimoni, familia zinahama, kobalti inaenda ng'ambo. Inaturudia ndani ya mashine ya mitumba iliyochoka, kisha tunaambiwa tuiformate.

Mafundi wanajibu nini

Nimewasikiliza mafundi wa pale Biashara na kwingine, na haki yao niseme. Wanasema: "Mteja hataki kulipa kipimo. Ukimwambia nimepima tu, anaona umemwibia. Anataka aone kitu kimebadilika." Hiyo ni kweli, na hapo kosa ni letu sote. Hospitalini tunalipa laboratware kabla ya dawa, lakini kwa fundi tunataka dawa bila laboratware. Kama tunataka kipimo, tukilipe. Tuseme kipimo ni dola 5 na kuformata ni dola 10. Ukiformata mara tatu bure, umepoteza 30 na diski bado ni mgonjwa. Kipimo kingekuambia mapema uongeze franga ununue diski mpya.

Lakini wako wengine ambao shida yao si mteja. Wanapenda ugonjwa urudi, kwa sababu ukirudi wewe pia unarudi. Na wako wale wa upande mwingine, wanaokuambia haraka: "Karte-meri imekufa, niachie hii kwa bei ya vipande." Kesho mashine yako inauzwa ikiwa hai, ilikuwa inakosa memori tu. Anayeshindwa kuonyesha kipimo katika njia zote mbili, usimwachie mashine.

Tunachodai

Kwanza, hakuna kuformata kabla ya kukopi. Mafaili yahamishwe kwenye diski ya nje au flashi mbele yako, na uyafungue mwenyewe kuona kama yanasomeka. Kama mashine haiwaki, diski itolewe na isomwe kwenye mashine nyingine.

Pili, fundi aonyeshe matokeo. Rangi ya SMART, ripoti ya memori, hesabu ya batri: upige picha.

Tatu, kipande kilichobadilishwa kirudishwe mkononi mwako, hata kikiwa kimekufa. Diski ya zamani usiitupe kamwe, kwa sababu picha za nyumba yako zinaweza kuwa bado ndani yake.

Na kwa yule aliyekwisha kuformatiwa bila kopi: acha kuitumia mashine leo. Usiweke muziki, usiweke filamu. Kila kitu kipya kinaandikwa juu ya kile cha zamani. Kwa diski inayozunguka kuna nafasi ya kuokoa kitu. Kwa zile mpya za SSD nafasi ni ndogo sana.

Kamati za familia zilizohamishwa, ninyi hasa ninawaomba: msiweke ushahidi wa watu mia ndani ya mashine moja. Nakala tatu, katika nyumba tatu tofauti, na moja iwe ya karatasi. Fanyeni kazi hiyo kabla ya mkutano wenu ujao. Mashine itakufa siku moja, hiyo ni hakika. Haki yenu isife nayo.