HATUTAKI MASHINE ZA KAMARI KATIKA UKUMBI WETU

Ndugu Wanachama,

Mwezi uliopita mtu mmoja aliyevaa vizuri alikuja katika ofisi ya tawi letu hapa Nakuru. Alikuwa na maneno matamu. Alitaka kuweka mashine mbili za kamari katika ukumbi wetu wa mikutano. Umeme tulipe sisi, na fedha tugawane, fungu la chama na fungu la mwenye mashine. Tulimwuliza jina la mwenye mashine. Akasema hilo halituhusu. Tulimwuliza ufunguo wa sanduku la fedha utakaa na nani. Akacheka. Tukamwonyesha mlango.

Tumesikia kwamba baadhi ya wanachama wananung'unika. Wanasema kodi ya ofisi imechelewa, nasi tumekataa fedha za bure. Basi haya ndiyo majibu yetu.

Mashine hizi mnazijua. Tumeziona madukani na vilabuni, Kaptembwo, Rhonda, Bondeni, na hata Karagita kule Naivasha wanakolala wafanyakazi wa maua. Mtu hutia sarafu ya shilingi kumi au ishirini, taa zinawaka, kengele inalia, naye anangoja bahati. Ndugu, hakuna bahati humo. Kiasi cha kurudishwa kimepangwa ndani ya mashine kabla wewe hujafika.

Tupige hesabu. Tuseme imepangwa kurudisha shilingi 80 kwa kila 100. Utasema si mbaya. Lakini ni nani achezaye mara moja akaenda zake? Kwa wastani, anayetia 100 hupata 80. Akizirudisha zile 80 hupata 64. Akizirudisha tena hupata 51, kisha 41, kisha 33. Mara tano tu, na theluthi mbili za fedha zake zimekwenda. Na yule anayepoteza shilingi 50 kila siku ya kazi, kwa siku 26 amepoteza 1,300. Je, ni lini mwajiri alitupa nyongeza ya 1,300 kwa mwezi bila mabishano marefu? Tunachokipata mezani kwa jasho, mashine inakichukua dukani bila barua wala mkutano. Kwa hiyo twasema wazi: kukata mshahara ni kukata mshahara, hata kukifanywa kwa muziki.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Palipo na sanduku la sarafu zisizohesabiwa na mtu, na mwenyewe hajulikani, wahuni hawachelewi kufika. Hili si neno la kutisha watoto. Lilitokea Marekani.

Mwaka 1931 kiwanda cha Gottlieb mjini Chicago kilianza kuuza mashine ya gololi iliyoitwa Baffle Ball. Ilikuwa sanduku lenye kioo, na mtu hutia senti akazirusha gololi zianguke katika matundu. Ilikuwa miaka ya njaa na watu hawakuwa na kazi, na mashine za namna hiyo zikaenea upesi. Pamoja nazo zilikuwapo mashine za kamari hasa. Mjini New York aliyezitawala mashine za kamari alikuwa Frank Costello, mkubwa wa magenge. Meya Fiorello La Guardia alipoingia madarakani mwaka 1934 alizivunja kwa nyundo na kuzitosa majini. Costello akahamishia biashara yake New Orleans. Mwaka 1942 La Guardia akapiga marufuku mashine za gololi pia, kwa kuwa aliamini fedha zake zinalisha magenge na kuwanyang'anya watoto senti zao za chakula.

Sasa, ndugu, soma hapa polepole. Mwaka 1957 Baraza la Seneti la Marekani liliunda kamati chini ya Seneta John McClellan, na wakili wake mkuu alikuwa Robert Kennedy. Mwaka 1959 kamati hiyo ilisikiliza ushahidi juu ya biashara ya mashine za sarafu. Ikaonekana kwamba wahuni walikuwa wamejitengenezea vyama vya wafanyakazi vya bandia, na vingine vya kweli wamevitia mfukoni. Mwenye duka aliyekataa mashine yao aliletewa watu wenye mabango wasimame mlangoni, na magari ya bia na vyakula yakakataa kushusha mizigo. Silaha yetu ya haki, yaani mgomo na mshikamano, ikageuzwa rungu la wezi. Wafanyakazi waliolipa ada wakasahauliwa. Na jina la vyama vyote, vizuri na vibaya, likapakwa matope, waajiri wakifurahi.

Mlango wa wizi ule ulikuwa mdogo kama huu tulioletewa sisi. Ulikuwa ni fungu kwa chama.

Mtu atasema, "Huo ni mchezo tu." Ni kweli kwamba mchezo wa gololi wenyewe haukuwa na kosa. Mwaka 1976 kijana Roger Sharpe aliucheza mbele ya wajumbe wa Baraza la New York, akawaonyesha kuwa ni ufundi wa mkono, na marufuku ikaondolewa. Kosa lilikuwa kwa wale walioshika ufunguo. Lakini mashine ya kamari haina hata ufundi huo.

Hapa Kenya tulikuwa na sheria ya kamari tangu mwaka 1966. Mwaka 2018 Serikali, kwa amri ya Waziri Fred Matiang'i, ilifanya msako, na mashine nyingine zikachomwa moto. Mwaka 2025 imetungwa Sheria mpya ya Kudhibiti Kamari. Twazikubali sheria. Lakini moto unachoma sanduku, haumchomi mwenye sanduku. Na wale wanaoziita "mashine za Wachina" wajue kwamba adui yetu si taifa la mtu. Mwenye kuzileta, mwenye kuzilinda na mwenye kufumba macho huenda ni jirani zetu.

Wala tusisahau simu iliyo mfukoni. Nayo ni mashine ile ile, ila haina haja ya duka.

Kwa hiyo Kamati ya Tawi italeta maazimio haya katika mkutano mkuu:

1. Mashine ya kamari isiwekwe kamwe katika ukumbi au ofisi ya chama.
2. Kiongozi yeyote atakayepokea fungu la mashine, aondolewe.
3. Tumtake kila mwajiri asiruhusu mashine hizo katika kantini na kambi za wafanyakazi.
4. Mwanachama akiona mashine isiyo na leseni, au mtoto anacheza, apeleke habari kwa Chifu na polisi, na nakala ofisini kwetu.
5. Kodi ya ofisi ilipwe kwa ada zetu. Wenye madeni walete.

Hilo la tano ndilo gumu, twajua. Lakini chama kinacholishwa na ada za wanachama kitawasikiliza wanachama. Chama kinacholishwa na sanduku kitamsikiliza mwenye ufunguo. Njooni mkutanoni mpige kura.

Umoja ni nguvu.

Kamati ya Tawi, Nakuru