Mtoto Achafuaye Nguo Baada ya Kupasuliwa



Wako watoto wazaliwao na uvimbe mwishoni mwa uti wa mgongo, karibu na njia ya haja kubwa. Ni wachache sana, mmoja hivi katika 35,000 au 40,000, na wengi wao ni wasichana. Daktari huukata uvimbe huo mapema, na pamoja nao huondoa kifandugu, yaani ule mfupa mdogo wa mwisho. Mwaka 1951 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba mfupa huo ukiachwa, uvimbe hurudi mara nyingi zaidi.

Kidonda hupona, mtoto hukua, na nyumba nzima hufurahi. Lakini wako ambao, wakifika miaka minne au mitano, bado huchafua nguo. Hapo ndipo fimbo hushikwa. Wengine humwita mvivu, wengine humwachisha shule kwa kuona haya. Wazazi, hilo ni kosa. Uvimbe wenyewe, au kisu kilichouondoa, huweza kudhuru mishipa ya fahamu na misuli ifungayo njia ya choo. Mtoto hasikii vema haja inapokuja. Atazuiaje asichokisikia?

Tena kuna jambo lidanganyalo wengi. Choo kigumu kikijaa ndani, choo chepesi hupenya pembeni na kuvuja kidogo kidogo. Mama hudhani ni kuhara, akampa dawa ya kufunga tumbo, kumbe anazidi kuziba palipoziba! Mpelekeni kwanza hospitali.

Nyumbani fanyeni hivi. Kila siku, baada ya chakula cha asubuhi na cha jioni, mketisheni chooni au kwenye poti dakika tano hadi kumi, maana chakula kikiingia tumboni, utumbo huamka. Miguu yake ikanyage imara. Anywe maji ya kutosha, na dawa ya kulainisha choo apewe kama daktari alivyoagiza. Wengine huhitaji kusafishwa utumbo kwa maji. Kazi hiyo mtafundishwa hospitali. Mwambieni mwalimu kwa siri amruhusu kutoka bila kuomba, nanyi mtieni nguo ya pili mkobani.

Haja ndogo ikimtoka ovyo au ikikataa kutoka, mwambieni daktari pia, kwani figo huweza kuharibika. Wala msiache kumpeleka kupimwa siku mlizopangiwa, hata akionekana mzima.

Mtoto huyu alikwisha kuokolewa na kisu. Asije akavunjwa moyo na kicheko cha watu wa nyumbani kwake.